Si Kweli Kwamba Daktari Huamua na Nesi Hutekeleza

Tathmini ya kiuguzi ni kazi ya kumchunguza mgonjwa kwa macho, masikio, mikono na vipimo, kumuuliza anavyojisikia, kulinganisha hali yake ya sasa na ya saa zilizopita, kisha kukata shauri juu ya kinachofuata. Kutokana na kazi hiyo hujulikana nani ahudumiwe kwanza, nani apimwe tena baada ya robo saa, nani aachwe alale hadi asubuhi na nani aitiwe daktari usiku huohuo. Ni kazi ya uamuzi tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mtazamo uliozoeleka, wodini na mitaani, ni kwamba daktari huamua na nesi hutekeleza. Kwa mtazamo huo, muuguzi hupima joto, hujaza chati, hutoa dawa kwa saa iliyoandikwa na kusubiri raundi. Akili inayomtibu mgonjwa ni ya daktari. Muuguzi ameazimisha mikono yake tu.

Mtazamo huo hutetewa kwa hoja za elimu, usalama, sheria, uhaba na, siku hizi, vifaa. Kila hoja ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imedumu. Zikipimwa moja baada ya nyingine, zote zinaishia mahali pamoja: wauguzi huamua kila zamu, na hatari humpata mgonjwa pale maamuzi hayo yanapofichwa, yanapokosa kumbukumbu na yanapokosa kujibiwa.

Uamuzi uliomo ndani ya kupima

Msingi wa mtazamo uliozoeleka ni dhana kwamba kupima ni jambo moja na kuamua ni jingine: muuguzi huleta namba, daktari huzipa maana. Kazi yenyewe haikubali mgawanyo huo. Mwaka 1961 Ida Jean Orlando, muuguzi na mwalimu wa Marekani, alichapisha kitabu kilichotokana na kuwatazama wauguzi wakiwa na wagonjwa. Alionyesha kwamba muuguzi anayefanikiwa haishii kwenye anachokiona. Hukifikiri, humrudia mgonjwa kuhakikisha kama amemwelewa, ndipo hutenda. Katika muongo huohuo mawazo ya aina hiyo yalipangwa kuwa mchakato wa uuguzi, ambao leo hufundishwa kwa hatua tano: tathmini, utambuzi wa tatizo, mpango wa huduma, utekelezaji, na upimaji wa matokeo. Utekelezaji ni hatua ya nne kati ya tano. Wanaomwita muuguzi mtekelezaji wamechukua hatua moja wakaifanya taaluma nzima.

Mgonjwa wa kawaida wa wodi ya upasuaji anatosha kuonyesha hilo. Ni siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo, saa nane usiku. Anapumua mara 22 kwa dakika, mapigo ya moyo ni 112, shinikizo la damu ni 104 kwa 66, joto ni nyuzi 38.3, oksijeni katika damu ni asilimia 96 bila kusaidiwa na mtungi, na akiulizwa anajibu sawasawa. Hakuna namba hata moja inayotisha. Mgonjwa mwenyewe atasema anaendelea vizuri. Lakini kwa mfumo wa alama za tahadhari uitwao NEWS, uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2017, mgonjwa huyo ana alama 2 za upumuaji, 2 za mapigo, 1 ya shinikizo la damu na 1 ya joto. Jumla ni 6, na kuanzia 5 anapaswa kutazamwa kwa haraka na mwenye ujuzi wa kutathmini wagonjwa waliozidiwa ghafla. Huenda mshono wa utumbo unavuja. Huenda maambukizi yanaingia kwenye damu.

Kabla daktari hajaisikia habari hiyo, muuguzi ameshaamua mambo kadhaa. Ameamua kuhesabu pumzi kwa dakika nzima badala ya kukisia; katika wodi za nchi nyingi upumuaji ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote, na chati hujaa namba zinazofanana kwa wagonjwa wasiofanana. Ameamua kufungua chati ya jioni na kuona kwamba mapigo yalikuwa 88. Ameligusa tumbo na kukuta limekaza, ameuliza mkojo ulitoka lini mara ya mwisho, amekumbuka kwamba mgonjwa huyu jioni aliongea na jirani yake na sasa amegeukia ukutani. Mwisho ameamua kupiga simu. Angeamua kusubiri raundi ya asubuhi, huo nao ungekuwa uamuzi, na pengine ndio mzito kuliko yote ambayo mgonjwa huyo angefanyiwa katika hospitali ile. Hakuna daktari aliyeuagiza, na hakuna faili ambalo lingeuonyesha.

Utii ulivyojengwa

Mara nyingi Florence Nightingale hutajwa kama mama wa utii wa wauguzi. Ni kweli kwamba alipofika hospitali ya jeshi ya Scutari mwaka 1854 wakati wa vita vya Krimea, aliwazuia wauguzi wake wasihudumie askari bila idhini ya madaktari wa jeshi. Alikuwa anaingia mahali ambapo hakutakiwa, na utii ulikuwa njia ya kufunguliwa mlango. Lakini kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uuguzi kina sura nzima inayohusu kumchunguza mgonjwa, na msimamo wake humo ni kwamba asiyeweza kuchunguza aache uuguzi hata kama ana moyo mwema. Hospitali zilizofuata ziliushika utii na kuusahau uchunguzi. Zile zilizojengwa Afrika Mashariki na serikali za kikoloni na misheni zilikuja na ngazi hiyo tayari: daktari juu, sista katikati, na msaidizi Mwafrika chini kabisa, aliyetarajiwa kufuata maelekezo.

Ngazi ya namna hiyo huzalisha lugha yake. Mwaka 1967 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika juu ya kile alichokiita mchezo wa daktari na muuguzi. Sheria ya mchezo ni moja: muuguzi atoe ushauri bila kuonekana anashauri, na daktari aupokee bila kuonekana ameupokea. Mchezo huo haujaisha. Muuguzi anayejua kwamba mgonjwa anazidiwa husema, “Daktari, mgonjwa wa kitanda cha sita hakulala vizuri.” Daktari mwenye uzoefu huelewa, daktari mgeni husikia habari ya usingizi. Uamuzi wa muuguzi umefanyika, umesafiri, lakini umevikwa mavazi ya kuuficha, na maisha ya mgonjwa yanategemea kama msikilizaji anajua kufumbua mafumbo. Wanaosema muuguzi haamui wanaishi ndani ya mchezo huu na kuuita utaratibu.

Ushahidi wa wodi za wazazi

Mahali ambapo mtazamo uliozoeleka hushindwa mapema zaidi ni chumba cha kujifungulia, kwa kuwa muda wa kungoja amri haupo. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali za upande mmoja, huduma iliendelea kama kawaida, na damu ilikisiwa kwa macho. Katika zile za upande wa pili, mkunga alimwekea mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya ujazo, akamtazama kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza, na alipoona damu imefika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine mbaya, alianza matibabu yote kwa mpigo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kukagua chanzo cha damu.

Katika upande wa pili, wanawake waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi walitambuliwa kwa asilimia 93. Katika upande wa kwanza, kwa asilimia 51. Matokeo mabaya kabisa, yaani kuvuja damu kukubwa zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo, yalikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya wala na madaktari zaidi. Oksitosini na kukanda mfuko wa uzazi vimejulikana kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni kwamba mkunga alipewa njia ya kuona, kipimo cha kukatia shauri na ruhusa ya kuanza. Karibu nusu ya wanawake katika huduma ya kawaida hawakutambuliwa. Daktari bingwa aliyekuwa tayari chumba cha pili asingewafaa kitu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anahitajika.

Kwa watoto wachanga hali ni hiyohiyo. Mtoto asiyelia anapaswa kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na hakuna simu inayopokewa, ikajibiwa na kumleta daktari kwa muda huo. Tanzania ilipowafundisha wakunga kumkausha mtoto, kumchangamsha na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa, taarifa iliyochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali nane ilionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Tathmini, uamuzi na tiba vilikaa mikononi mwa mtu mmoja, ndani ya sekunde 60.

Madaktari wenyewe waliliona hili zamani. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliofanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, waliongeza kwenye patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, mstari wa tahadhari na, saa nne mbele yake, mstari wa hatua. Kusudi lilikuwa mkunga wa zahanati ya mbali ajue mwenyewe ni wakati gani wa kumsafirisha mama kabla uchungu haujageuka balaa. Chombo hicho kilibuniwa ili kuhamisha uamuzi kwenda kwa aliye karibu na mgonjwa. Kinapojazwa baada ya mama kujifungua ili faili lipendeze, tatizo si la mkunga mvivu tu. Ni matokeo ya kumzoesha mtu kwamba karatasi anaijaza kwa ajili ya mkaguzi, na kwamba kuisoma ni kazi ya mwingine.

Hoja ya elimu

Hoja ya kwanza ya upinzani ni kwamba daktari amesoma zaidi, na kutambua ugonjwa ni kazi yake. Sehemu ya kwanza ni kweli na haibishaniwi. Daktari anajua mengi zaidi juu ya chanzo cha ugonjwa, dawa na upasuaji. Lakini maswali ya kitandani ni ya aina mbili. Lipo la ugonjwa gani huu, na lipo la mgonjwa huyu anaelekea wapi saa hii. La pili humwangukia anayekaa naye. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache za raundi. Muuguzi humwona usiku kucha, akila, akigeuka, akikohoa, akinyamaza. Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza jinsi muuguzi anavyopanda kutoka hatua ya mgeni anayefuata kanuni hadi bingwa anayeuona mwelekeo wa mgonjwa kwa ujumla wake. Ujuzi huo hupatikana kwa elimu na miaka ya kutazama, nao hauwezi kuagizwa kwa maandishi kutoka ofisini.

Hata katika eneo la tiba lenyewe, mpaka uliodhaniwa kuwa ukuta umeonekana kuwa mstari unaosogezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Afrika Kusini uliwagawa wagonjwa 812 wa VVU waliokuwa kwenye dawa za kupunguza makali: baadhi walisimamiwa na wauguzi, baadhi na madaktari. Huduma ya wauguzi haikuwa duni kuliko ya madaktari. Katika zahanati nyingi za Kenya muuguzi ndiye mkuu wa kituo. Huchunguza, hutibu na hutoa rufaa. Ni vigumu kueleza kwa nini mtu aliyeaminiwa uamuzi wote akiwa peke yake kijijini apoteze uwezo huo siku anapohamishiwa hospitali ya rufaa.

Hoja ya usalama

Hoja ya pili husema kwamba muuguzi anayejiamulia ni hatari, na kwamba utii humlinda mgonjwa. Jaribio la Charles Hofling la mwaka 1966, lililofanyika katika hospitali za Marekani, liliijibu hoja hii kwa ukali. Mtu aliyejiita daktari, asiyejulikana na wauguzi, aliwapigia simu na kuwaamuru wampe mgonjwa miligramu 20 za dawa ambayo lebo yake ilisema kiwango cha juu kwa siku ni 10. Kanuni za hospitali zilikataza amri za namna hiyo kwa simu. Kati ya wauguzi 22, waliokuwa tayari kuitoa ni 21. Waliwahiwa kabla ya kufika kitandani, na dawa yenyewe ilikuwa ya bandia isiyodhuru. Mwaka 1977 Rank na Jacobson walirudia jaribio hilo kwa dawa ambayo wauguzi waliijua vizuri, na wakiwa na nafasi ya kushauriana na wenzao. Safari hii ni wawili tu kati ya 18 waliokuwa tayari kuitoa. Tofauti kati ya 21 kwa 22 na 2 kwa 18 ni ujuzi wa dawa na ruhusa ya kufikiri pamoja. Hivyo ndivyo vilivyomlinda mgonjwa. Utii ulikuwa umemweka hatarini.

Mipaka, bila shaka, lazima iwepo. Muuguzi hapasui tumbo, na hapandishi dozi kwa hisia. Lakini mpaka wa kutenda usichanganywe na mpaka wa kutathmini. Asiyeruhusiwa kupasua bado anapaswa kusema kwa sauti kwamba tumbo limekaza na mgonjwa anahitaji kupasuliwa sasa.

Hoja ya sheria

Hoja ya tatu ni kwamba wajibu wa kisheria ni wa daktari. Sheria haisemi hivyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi asajiliwe na awe na leseni yake, na inaliweka Baraza la Uuguzi na Ukunga kusimamia mwenendo wa taaluma. Kenya nayo ina sheria ya wauguzi na baraza lao. Leseni ya mtu hubeba wajibu wa mtu. Muuguzi aliyeona shinikizo la damu likishuka usiku kucha na kuishia kuliandika hawezi kujitetea kwamba hakuagizwa kumwita mtu. Kumnyima mamlaka ya kuamua huku akidaiwa majibu ya uamuzi ni kumfunga mikono na kumlaumu kwa kutoogelea.

Hoja ya vifaa na alama

Hoja mpya zaidi inakubali kwamba tathmini ni muhimu, kisha inaikabidhi kwa mashine na majedwali: alama zikijumlishwa, kengele italia, na akili ya muuguzi haitahitajika. Australia ilijaribu jambo la jirani na hilo kwa kiwango kikubwa. Utafiti wa MERIT, uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha hospitali 23, ulipima faida ya kuwa na timu ya dharura inayoitwa pindi mgonjwa anapofikia vigezo vilivyowekwa. Vifo na moyo kusimama ghafla havikupungua kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha faida. Sababu mojawapo iliyojitokeza ni kwamba wagonjwa wengi walifikia vigezo bila timu kuitwa, na wengine vipimo vyao havikuwa vimeandikwa. Vigezo vilikuwepo ukutani. Aliyepaswa kupima, kuamini alichopima na kupiga simu bila hofu ndiye hakuwa amejengwa. Inafaa kukumbukwa pia kwamba timu nyingi za aina hiyo huweka wasiwasi wa muuguzi kuwa sababu halali ya kuitwa, hata kama namba zote ni nzuri. Waliobuni mifumo ya namba walijua kwamba namba huchelewa.

Hoja ya uhaba

Inabaki hoja ya kukata tamaa: wodi ina wagonjwa wengi na muuguzi mmoja, tathmini kamili ni anasa. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 kutoka nchi tisa za Ulaya, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, na kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada huendana na upungufu wa asilimia 7. Kama wauguzi wangekuwa mikono tu, idadi yao ingebadilisha kasi ya kazi, na shahada yao isingebadilisha kitu. Inayohusiana na vifo ni nafasi ya kuona na uwezo wa kuelewa kinachoonekana. Uhaba ni sababu ya kudai wauguzi zaidi. Mpaka watakapoongezwa, kuchagua nani atazamwe kwanza ndiyo tathmini yenyewe, na hufanywa vizuri na aliyefundishwa kuifanya.

Yanayotakiwa kufuata

Maamuzi ya wauguzi yakikubaliwa kuwa maamuzi, mambo manne yanafuata. Kwanza, yaandikwe: pamoja na namba, chati ionyeshe muuguzi alifikiri nini, alimwita nani, saa ngapi, na alijibiwa nini. Pili, yawe na lugha ya wazi. Muuguzi aseme hali ya sasa, historia fupi, tathmini yake na anachoomba: “Nadhani ana maambukizi kwenye damu, naomba uje sasa.” Tatu, yajibiwe. Hospitali iweke kanuni kwamba daktari akiitwa na asipofika, muuguzi ana haki na wajibu wa kumwita aliye juu yake, bila kuadhibiwa kwa kuruka ngazi. Nne, yafundishwe na kukaguliwa. Vikao vya kujadili vifo vimhoji muuguzi kama mtaalamu aliyefanya uamuzi, kwa maswali yaleyale anayoulizwa daktari, na makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani kwa mgonjwa badala ya mezani.

Wajibu huo si zawadi kwa wauguzi. Unawaondolea kinga ya kusema “sikuagizwa”, na unawadai kusoma, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima na kusimamia walichokiona mbele ya mwenye cheo kikubwa zaidi. Madaktari nao unawadai kusikiliza. Daktari anayepata tathmini iliyo wazi kutoka kwa muuguzi hapotezi mamlaka yoyote ya tiba. Anapata habari ambayo hawezi kuipata kwa njia nyingine, na anaipata wakati bado inafaa.